Mzee Aliyepokea Kwetu

Najua mtakavyosema, kwa sababu hata mimi ningesema hivyo hivyo. Nimejipatia jina, dogo sana, kwa kuandika makala za kuwacheka wanaosimulia mauzauza ya hapa Durban. Basi leo nichekeni mimi. Haya sikuyasikia kwa jirani. Yalinipata mwenyewe, mchana kweupe, kwenye kiti cha saluni, nikiwa nimenyolewa nusu kichwa.

Kwanza mjue nilichokuwa nacho moyoni. Baba yangu tulimzika wakati wa vita, mimi na baba mdogo, mlimani kwetu, Kivu ya Kusini, Kongo. Hatukuweka msalaba wala jiwe, askari wasije wakafukua wakidhani tumeficha mali. Baba mdogo naye amekufa. Kwa hiyo duniani alibaki mtu mmoja tu anayejua baba amelala wapi, na mtu huyo ni mimi, mkimbizi mwenye shahada ya jiografia. Sasa barabara mpya ilikuwa inapitishwa pale pale. Mdogo wangu Furaha alikuwa amepata vijana wa kuchimba. Jumapili angepanda mlimani, anipigie, nimwelekeze kwa simu, wamhamishe baba kabla tingatinga halijafika Jumatatu. Ugumu uko wapi? Njia ile nilikuwa naipita kichwani kila nikifumba macho.

Jumamosi nikaenda kunyolewa kwa Mama Neema, Mkongomani mwenzangu mwenye saluni hapa mtaa wa Point. Umeme ukakatika mashine ikiwa katikati ya utosi.

"Eish, vumilia, professeur," Mama Neema akasema. "Nusu yako tayari iko muzuri."

Akatoka nyuma kuhangaika na jenereta. Kwenye kiti cha pili alikuwa mzee mmoja, Mkongomani kama sisi, koti safi, viatu vinang'aa. Akanigeukia.

"Kwenu ni wapi, mukubwa?"

Mnajua tulivyolelewa. Mtu mzima akikuuliza kwenu, humtajii jina la mahali kama karani. Unamkaribisha. Nikamjibu kama mama alivyonifundisha:

"Kwetu ni kwenu, papa."

Alifumba macho. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji.

"Aksanti sana," akasema. "Nimepokea. Na mimi nikukaribishe kwetu."

Kwao, akasema, ni Nádasrév. Nikamwuliza iko upande gani wa Kongo. Akacheka mpaka akakohoa. Iko Hungaria, akaniambia, kando ya mto Tisza, na maana ya jina ni kivuko cha matete. Nchi ni bapa kiasi kwamba mnara wa kanisa unauona asubuhi na kuufikia jioni. Watatari walikuja na farasi wakauchoma mji wote. Waturuki wakautawala, kanisa likawa msikiti, likarudi kuwa kanisa, likapakwa rangi ya njano. Mto ulikuwa ukifurika, hadi wahandisi wakaukata pinde zake, na upinde mmoja ukaachwa nyuma ya mji kama ziwa lenye umbo la mwezi mchanga, limejaa vyura. Reli ikaja na utajiri wa ngano. Reli hiyo hiyo ikawabeba Wayahudi wa mtaa wa nyuma ya soko, hawakurudi, na sinagogi lao sasa ni ghala la samani. Korongo wanajenga viota juu ya nguzo za umeme. Pilipili nyekundu zinatungwa kwenye kamba na kuning'inizwa chini ya mapaa.

Niamini, hakusimulia kama mtu aliyesoma kitabu. Alisimulia kama mtu aliyechelewa kurudi nyumbani kula.

"Uliishi huko muda gani, papa?"

"Sijafika hata siku moja."

Alikuwa akimtunza mzungu mmoja mzee, ghorofani hapa hapa Point, ambaye aliikimbia Nádasrév ujanani kwa kuvuka mpaka kwa miguu. "Kila siku alikuwa analilia kwao. Mimi, kwa huruma, nikamuambia: papa, kwetu ni kwenu. Akashika, na kwao akaniachia mimi! Akakufa akiita ng'ombe za baba yangu kwa majina, moja moja. Tangu siku ile mimi iko na Hungaria, na kwetu sikukumbuki tena."

Mnauliza kwa nini sikutoka mbio? Kwa sababu mimi ni msomi. Nilikuwa natafuta kalamu.

Umeme ukarudi. Mzee akasimama, amenyooka kama aliyetuliwa gunia. Mlangoni akaniaga kwa lafudhi ya kijiji chetu, ambayo hapa Durban haisikiki ila kinywani mwangu. "Wacha niende," akasema. "Mama atakuwa ananingojea."

Jumapili simu ikalia. Nikamsikia Furaha akihema na majembe yakigongana. Huniita yaya, kama Wakongomani wanavyowaita kaka zao.

"Yaya, tumefika juu. Sema sasa."

Nikafungua mdomo. "Simama mbele ya kanisa la njano..."

"Kanisa gani ya njano? Huku haiko kanisa ya njano."

"Pita sokoni, lifuate ziwa..."

"Yaya, umelewa? Ziwa gani juu ya mulima?"

Nilifumba macho nikautafuta mlima. Nikaona tambarare, matete na mnara. Nikamtafuta baba. Nikaona reli. Nikamwambia asubiri, nikakimbilia kwa Mama Neema.

"Ule muzee?" akasema. "Anashindaga hapa akiuliza watu kwao. Vijana wanamujibu 'Point, sharp', ni kusema poa, basi. Wewe ndiye ulienda kumupa heshima, professeur. Anakaa Queensburgh."

Nikapanda taxi hadi Queensburgh, pembeni mwa jiji. Mtu pekee aliyejua kaburi la baba yangu sasa alikuwa yeye. Mwenye nyumba akaniambia ameondoka alfajiri na begi moja, ana furaha kama bwana harusi. Amesema anarudi kwao.

"Yaya," Furaha akasema kwenye simu, "giza inaingia. Tuchimbe wapi?"

Ungesema nini wewe? Nilikaa chini ukingoni mwa barabara. "Popote," nikamwambia. "Chimbeni popote."

Hawakupata kitu. Jumatatu tingatinga likapita.

Miezi baadaye Furaha alinipigia, sauti yake ndogo. Mzee mgeni alikuwa amefika kijijini. Hakuuliza njia. Alimsalimia mama kwa jina la utani nililokuwa nikimwita utotoni. Kisha akamchukua Furaha moja kwa moja hadi katikati ya barabara mpya, akapiga magoti kwenye lami, malori yakimpigia honi.

"Akasema, baba iko hapa. Akalia, yaya. Akalia kama mtoto wake. Wewe hukulia."

Mama amempa chumba changu.

Jina la kijiji chetu Furaha hunitajia nikimwomba. Nalisikia, halafu halipo. Nikilala nasikia vyura. Sijui Kihungaria hata cha kuombea maji, lakini korongo wanapochelewa kurudi, moyo unaniuma.

Basi nawaonya, na siwaonyi juu ya yule mzee. Yeye amefika. Nawaonya juu yangu. Siku hizi nashinda saluni bila kunyolewa. Kwetu nimekukosa, lakini kwao mtu yeyote kutanitosha. Ukimwona hapa Point mwanaume wa makamo, kitambi, miwani, maneno mengi, anakuinamia kukuuliza kwenu ni wapi, adabu ya mama yako iache nyumbani. Mwambie huna kwenu. Mtukane ukiweza.

Jana nilimwuliza dada mmoja Mrundi anayeuza vocha. Alikuwa amelelewa vizuri, ilionekana. Alitabasamu, akafungua kinywa kunijibu, nami nilikuwa nimeshanyoosha mikono yote miwili.