Makato ya Mzee wa Vitenge

Nilirudi Mwanza nikiwa na diploma, akiba yangu mwenyewe, na nyumba Butimba niliyoijenga bila kukopa kwa mtu. Nayasema haya mapema ili asitokee wa kudhani naandika kwa wivu. Mtu aliyetoka Magu na begi la mgongoni, akafanya kazi mchana kwenye maghala ya bandari kule Denmark na kusoma jioni mpaka akatunukiwa diploma ya usafirishaji wa mizigo, hana cha kumwonea wivu muuza vitenge. Nilimchukia kwa sababu nyingine, na nilikuwa na haki.

Ugonjwa wangu ni kadi za posta za zamani, zile zenye picha za Mwanza na ziwa zilizopigwa enzi za wakoloni. Nyingi ziko Ulaya na Marekani, kwenye maboksi ya watu ambao mababu zao walitumiwa kadi hizo, na sasa wanaziuza mtandaoni. Hapa mjini wenye ugonjwa huu tuko wachache. Tunakutana Jumamosi pale Mirongo, kwenye benchi la muuza kahawa lililo mbele ya duka la vitenge, kila mtu na albamu yake kwapani.

Mwenye duka ndiye alikuwa mfalme wa benchi. Aliagiza mali nje, kwa hiyo alikuwa na akaunti ya dola na kadi ya benki inayokubalika popote. Sisi wengine tulimpa shilingi, yeye akatununulia. Juu ya bei aliongeza kitu alichokiita makato ya kubadilisha fedha, na alikitamka kwa sauti ya daktari anayesoma majibu ya kipimo. Hakuna aliyemuuliza. Mimi pia, nilipokuwa mgeni pale, nilinunua kadi kadhaa za Marekani kwa mkono wake.

Halafu nikaiona kadi ya marobota. Muuzaji alikuwa Uingereza, bei ya pauni. Picha inaonyesha bandari ya Mwanza: wanaume wamejitwika marobota ya pamba wakielekea melini, na pembeni mtu mwenye kanzu amesimama kwenye mizani. Pamba ile ilitoka kwetu. Babu yangu aliilima na kuibeba. Niliitaka kuliko kadi yoyote niliyowahi kuiona.

Safari hii niliamua kununua mwenyewe. Ukurasa wa malipo ukaniuliza kama nalipa kwa pauni au kwa shilingi ya Tanzania. Nikachagua shilingi. Nimerudi kwetu, kwa nini nisilipe kwa fedha ya kwetu? Jumla ikaja kubwa kupita nilichokuwa nacho kwenye akaunti ile, malipo yakakataliwa. Nilipanga kuongeza fedha Jumatatu, benki ikifunguliwa. Jumamosi, kwa bahati mbaya, nikasimulia pale kwenye benchi.

Mzee wa vitenge alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye sahani.

"Msomi wetu! Ukichagua shilingi, kule wanakupangia kiwango wanachotaka wao, na benki yako bado inakukata kwa kununua nje. Unanyolewa pande zote mbili!"

"Sikujua, kaka."

"Utajuaje? Miaka yote ile umebeba maboksi tu, hata kusoma kilichoandikwa juu ya boksi hukusoma."

Benchi zima likacheka, hata muuza kahawa. Jumatatu nilipofungua ukurasa, kadi ilikuwa imeshauzwa. Wiki chache baadaye mzee aliitoa kwenye albamu yake mbele yetu sote, akaweka kidole juu ya yule mwenye kanzu. "Huyu wa mizani ni babu yangu," akasema. "Imerudi kwa mwenyewe."

Nikamwambia hao wenye marobota ni babu zangu.

"Ndiyo," akajibu. "Kubeba mmeanza zamani."

Neno hilo nikaliweka akiba.

Kazi niliyosomea ni kusoma maandishi madogo kwenye karatasi za mizigo, yale ambayo wengine huyaruka. Basi nikasoma masharti ya kadi za benki yangu, ya benki yake, ya kurasa za malipo. Nikafungua akaunti ya fedha za kigeni. Katika kusoma huko nikakwama mahali, nikarudia, kisha nikacheka peke yangu sebuleni. Nikampigia mwalimu mstaafu wa chuo, mwenzetu wa pale kwenye benchi, nikamwomba Jumamosi asikose.

Niseme kwanza desturi yetu. Pale kwenye benchi, aliyemdhulumu mwenzake hashtakiwi wala hadaiwi. Anafungua albamu yake, aliyedhulumiwa anachagua kadi moja, yoyote, na haifichwi wala haikombolewi. Mzee mwenyewe ndiye aliyesimamia sheria hiyo mwalimu alipomuuzia mtu kadi iliyochanika na kubandikwa gundi kwa siri. Mwalimu alipoteza kadi yake bora siku ile, na mzee alifurahi sana.

Jumamosi nikafika kwa unyenyekevu. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekuja kununua kwa shilingi?"

"Nimekuja kujifunza. Kuna kadi Marekani, bei ya dola. Ukininunulia, makato yanakuwaje?"

Akajinyoosha. "Kama kawaida. Nabadilisha shilingi yako kuwa dola. Halafu benki inakata ya kubadilisha tena inapolipa kule."

"Akaunti yako ni ya nini?"

"Dola. Unaijua."

"Na muuzaji anataka nini?"

"Si umesema dola?"

"Sasa kaka, hiyo dola inabadilishwa kuwa nini?"

Mwalimu akavua miwani. "Hebu rudia," akamwambia mzee, polepole, kama anamwambia mwanafunzi. "Dola inakuwa nini?"

"Kuna... kuna gharama za mfumo."

"Mfumo gani?" akadakia muuza kahawa. "Mfumo wa mfukoni?"

Kila mtu akakumbuka kadi zake za Marekani, na makato ya kubadilisha dola kuwa dola aliyoyalipa. Nikamwambia mzee afungue albamu. Akafungua akianza na kurasa za mbele, ananionyesha meli, ananionyesha mawe ya ziwani, ananisifia rangi. Nikafunua mwenyewe mpaka kwenye marobota.

"Chukua yoyote," akasema chini chini. "Hata mbili. Hiyo niachie, mdogo wangu. Ni babu."

"Na wangu pia wamo."

Nikaitoa kwenye plastiki yake mbele ya macho yake, na sikuharakisha.

Mwezi uliofuata alituma wazee wawili wa familia yake nyumbani kwangu, na kilo za sukari na kitenge kizuri kwa ajili ya mke wangu. Niliwapokea kwa heshima zote. Niliwakalisha mkabala na kadi, ambayo nimeiwekea fremu ya mninga, wakanywa juisi wakiitazama. Mmoja akamtambua yule wa mizani, macho yakamlegea. Wakaniomba radhi kwa niaba yake, wakaniomba niwauzie kwa bei yoyote.

Nikawaambia radhi nimeipokea. Kitenge na sukari nikawarudishia hadi kwenye gari lao. Kadi nikawaambia haiuzwi, si kwa shilingi, si kwa dola. Mwenye hamu ya kumwona babu yake aje mwenyewe, abishe hodi kwenye nyumba ya mbeba maboksi, nami nitamfungulia.

Hajaja bado. Kiti chake kipo.