Kivuli cha Saa Nne

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo kila kiangazi hunirudia, na kila inaporudi hasira hunipanda upya. Ninayemkasirikia ni kijana mmoja mwenye shingo ngumu aliyeitwa Owino. Owino huyo ni mimi.

Nisingeandika haya kama nisingealikwa harusini Jumamosi iliyopita, kule Mamboleo. Jua la mwezi wa pili hapa Kisumu unalijua, lile la kukausha dagaa wa omena kabla ya mchana. Hema zilipambwa vizuri sana. Lakini wazee walikuwa wameketi mbele, juani, kreti za soda zimefungiwa ndani ya pikapu, na maharusi bado wako ufuoni wanapigwa picha. Nikamwita kijana wa kamati.

"Kijana, wape hawa akina mama maji."

Hata hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Mzee, tulia. Programu inasema vinywaji ni baada ya keki."

Programu! Nikaishika bakora kwa nguvu. Nilichotaka kukipiga si kile kichwa chake tu, kwa maana maneno yale niliyajua. Niliyasema mimi mwenyewe siku nilipomwoa Akinyi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimepata kazi ya ukarani mjini, nikajiona nimefika. Karamu ilipangwa kufanyiwa nyumbani kwetu, karibu na Otonglo, baada ya kanisa. Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea. Kwetu Waluo mama mkwe, ambaye tunamwita maro, hazoeani na mume wa binti yake. Hali wala hanywi mbele yake, na hawezi kumwomba kitu hata kama anaungua. Wazee hawakuwa wajinga. Waliweka mwiko huo na dawa yake pia: wakwe wakija hupewa nyumba yao ya pembeni, yenye kivuli, wakahudumiwa humo humo bila bwana harusi kuonekana. Humo watavua viatu, watalegeza vitambaa vya kichwa, watakula na kucheka wanavyotaka.

Shangazi Dorina, dada yake baba, alikuwa amekwisha kufagia nyumba yake kwa kazi hiyo. Nikamkatalia.

"Shangazi, hiyo ni mambo ya zamani. Wakwe zangu watakaa mbele, kila mtu awaone."

"Wanaenda kuonwa kama ng'ombe wa mnada? Na wakisikia kiu?"

"Soda ziko nyingi. Zitatolewa kwa mpango."

Akaegemeza ufagio ukutani. "Haya, Bwana Mpango."

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliuacha, tena kwa kicheko. Kibaya zaidi, niliacha nusu tu ya mila. Ile nusu inayomfunga mama mkwe mdomo niliiweka, na ile inayompa maji na kivuli nikaitupa.

Asubuhi ile, saa nne, nilisimama uwanjani nikaelekeza hema na viti. Mstari wa mbele ulikuwa na kivuli kizuri, nikaridhika. Sikujiuliza kitakuwa wapi mchana. Nikafungia soda stoo, maana niliwajua marafiki zangu, na ufunguo nikautia mfukoni mwa koti. Koti lenyewe lilikuwa la sufu, zito, na kizibao chake ndani. Nililiazima kwa mjomba aliyefanya kazi Limuru, ambako watu huota moto hata mchana. Msimamizi wangu, Otieno, alinitazama jasho likinitiririka mpaka kidevuni, akauliza, "Owino, leo unaoa ama unachemshwa?"

Nilimwambia anyamaze. Mwanamume aliyejipika ndani ya suti namna ile ana akili gani ya kujua wengine wanasikia joto?

Tulipotoka kanisani tuliwaacha wageni watangulie nyumbani. Sisi tukazunguka mji kwa honi, tukaenda ziwani kupigwa picha. Tulipofika Otonglo saa nane ilikuwa imepita, na kivuli changu cha saa nne kilikuwa kimehamia nyuma ya viti, kikiwafunika kuku. Wakwe walikuwa wangali mbele, pale pale nilipowaweka. Hakuna aliyesogeza kiti, kwa sababu mgeni akihama mahali alipokalishwa watu watasema amechukia. Mama Akinyi, maro wangu, alikuwa amevaa sweta juu ya gauni refu na kitambaa kizito kichwani. Alijifunika hivyo kwa ajili yangu, mwanangu. Ilikuwa heshima yake kwangu.

Nami nikaenda kuketi meza kuu, chini ya hema. Mbele yangu kulikuwa na jagi la maji, barafu ikielea ndani. Hotuba zikaanza. Nilimwona. Usidanganywe na mtu atakayekuambia kwamba hakuona. Niliona midomo yake imekauka, niliona anayumba na kujishika kwenye kiti. Nikajiambia kwamba wasemaji wamebaki wachache, na kwamba haifai mimi kumtazama mama mkwe. Nikajimiminia maji, nikanywa.

Akaanguka kwa ubavu, kimya, kama gunia lililoteleza.

Akinyi akapiga yowe. Watu wote wakanigeukia, maana mimi ndiye niliyekuwa karibu, tena nina maji. Nikasimama, jagi mkononi, nikaganda. Mkwe hamgusi maro. Shangazi Dorina alitoka jikoni mbio, majivu mpaka kwenye viwiko.

"Owino! Hiyo maji unangojea ibarikiwe?"

"Shangazi, ni maro—"

"Maro anakufa na jua, wewe unaniambia ni maro! Leta hapa! Na hiyo koti, toa!"

Alinivua kama mtoto. Wanawake wawili wakalitandaza koti juu ya Mama Akinyi likawa kivuli, wengine wakamvua sweta na kumlowesha kifua na shingo. Ufunguo ukaanguka kutoka mfukoni. Shangazi akauokota, akauinua watu wote wauone.

"Tazameni! Amefungia watu maji kama anafungia kuku!"

Hakuna aliyecheka. Mama Akinyi akapelekwa hospitali kwa gari lile lile lililopambwa maua. Jioni ile, nikiwa nimeketi peke yangu kati ya viti vitupu, Shangazi alikuja akasimama mbele yangu. Nilidhani atanitukana tena. Sauti yake ilikuwa chini.

"Ungeweka jagi karibu na miguu yake, ukageuza mgongo. Angekunywa. Hiyo tu, Owino. Mgongo tu."

Mama Akinyi alipona, lakini hakukanyaga tena kwangu. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, alituma dada yake. Niliwatuma wazee kumwomba msamaha, akawajibu kwa upole kwamba hana neno na mimi, ila jua la kwangu ni kali. Amekwisha kufariki. Hakuwahi kunywa hata glasi moja ya maji katika boma langu. Majuto ni mjukuu, nami huyo mjukuu nimemlea mpaka amezeeka.

Kwa hiyo kule Mamboleo sikubishana. Nilikwenda kwenye pikapu, nikaifungua nyuma, nikashusha kreti mwenyewe kwa mgongo huu unaouma.

"Mzee, unatuharibia programu!"

"Naiharibu, ndiyo. Shika upande huo."

Akashika. Mama mmoja aliyekuwa mbele alipokea chupa yake, akanitazama kwa aibu, akaiweka mapajani bila kuifungua. Nikaelewa. Nikamgeuzia mgongo, nikasikia kizibo kikitoka.

Mwanangu, ukioa kiangazi, simama uwanjani saa nane siku moja kabla, ndipo uweke viti. Vaa nguo ambayo utaweza kupumua nayo. Maji yatangulie hotuba, yatangulie keki, yatangulie hata wewe na picha zako. Wakwe wape nyumba yao, na kama utaitupa mila hiyo, basi itupe yote. Usingoje mgeni aombe, kwani mwenye heshima haombi. Ukiona midomo imekauka usijifanye hukuona.

Mungu akupe mke unayempenda, na akupe mama mkwe atakayekunywa maji kwako mpaka aombe ya pili. Na siku ya harusi yako, kivuli kikihama, kikukute umekwisha kuwahamisha watu wako.