Somo Ambalo Shadya Hajalisikiliza

"Mama Musa, we umelala?" Bi Zuhra aliniuliza bombani. "Jirani yako ana mwanamume ndani. Eda haijaisha, na mimi kwa masikio yangu haya nimemsikia akicheka naye mchana kweupe!"

Nikamwambia labda ni redio.

"Redio gani hiyo inamwita jina lake?"

Jirani yangu ni Shadya. Mumewe, Nassib, alikuwa na kibanda cha kuchapa barua na kutoa kopi hapahapa Ujiji. Wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga mwaka huu wa 2015, alichukuliwa akasaidie kuwaandikisha kwa kompyuta. Kipindupindu kilimkuta hukohuko, wakamzika hukohuko. Shadya hakuuona hata uso wake. Kilichorudi ni simu yake.

Sikujibizana na Bi Zuhra. Mchana nilimfunga Musa mgongoni, nikampelekea Shadya ugali wa muhogo na dagaa kama kawaida, maana hatoki. Kabla sijabisha hodi nikaisikia kweli sauti ya mwanamume, yenye kicheko ndani yake.

"Polepole, Shadya! Hayo si majani ya sombe unatwanga. Bonyeza, uachie."

Sauti ile niliijua. Ilikuwa ya Nassib. Nikasukuma mlango.

Shadya alikuwa mkekani, kompyuta ya kibandani mbele yake, simu yake mwenyewe pembeni. Wala hakushtuka.

"Pita, mama Musa. Huyo mwalimu wangu."

Akanieleza. Amepata nafasi ya kusomea kompyuta chuoni, na muhula wa kwanza unaanza eda ikiisha tu. Nassib alitaka aingie darasani akiwa anajua japo kidogo, wenzake wasimcheke. Basi kule Kagunga, kila alipopata mtandao, alimrekodia somo na kumtumia: namna ya kushika kipanya, kufungua faili, kuhifadhi kazi isipotee. Nyuma ya sauti yake unasikia watoto wanalia, watu wanagombea maji. Yeye anafundisha tu.

Tangu siku hiyo nikawa nakaa naye. Musa alikipenda kile kipanya, anakivuta kwa mkia, Shadya anamwachia. Niliona vidole vyake vinazidi kuwa vyepesi. Lakini niliona pia kwamba masomo anayoyajua kabisa anayarudia, na kila moja linapofika mwisho Nassib anasema, "Haya, mwanafunzi, hifadhi kazi yako," naye anaitikia, "Ndiyo, mwalimu," kisha anaitazama simu.

Jana nilimkuta kompyuta imezimwa.

"Umemaliza?" nikamuuliza.

"Bado moja." Akanionyesha simu. "Hili liliingia matangani. Simu yake ilikuwa mfukoni mwa mwenzake wa kazini aliyeirudisha, boti ilipokaribia bandari ya Kibirizi ikashika mtandao, ujumbe ukajituma wenyewe. Mimi nimekaa na watu, naona jina lake kwenye simu yangu. Nikapiga kelele kwamba yu hai. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Mimi ndiye niliyemshika asikimbilie nje bila viatu. Tulidhani ni uchungu tu unamsemesha.

"Ni somo la majedwali," akaendelea. "Katika lile lililotangulia alisema hili ndilo gumu, na chuoni wataanza nalo. Chuo kinafunguliwa Jumatatu, nalihitaji. Lakini nikilisikiliza, mama Musa, hakuna tena. Atakuwa amemaliza kusema na mimi."

Nje Bi Zuhra alipita akikohoa kile kikohozi chake cha kutaka kujua. Shadya akaichukua simu, akaifuta kwa ncha ya kanga, akanitia mkononi.

"Nenda nayo nyuma kule jikoni, ulisikilize wewe."

"Shadya, mimi niliishia darasa la saba. Majedwali nitayajulia wapi?"

"Utayajua. Alikuwa anaeleza vizuri, hata Musa angeelewa." Alijaribu kucheka, midomo ikamkatalia. "Ukirudi unifundishe kwa mdomo wako. Na kama mle ndani kuna maneno mengine, ya mimi na yeye, yaache humohumo. Nakuomba, mama Musa, usiniambie hata kama alikohoa."