Mguu Wangu Juu ya Breki

Wanaonijua watakwambia mimi si mtu wa kuamini mambo ya majini. Kanisani kwetu Mountain View, mtu akisimama kutoa ushuhuda wa mapepo, mimi hutazama saa. Kwa hivyo usinicheke mapema. Haya sikuhadithiwa. Aisifuye mvua imemnyea, na mimi ilininyea nikiwa ndani ya gari langu mwenyewe, milango haijafungwa, na bado nikashindwa kutoka.

Ilikuwa miaka ile kila mtu Nairobi alipoanza kununua magari kuukuu kutoka Japani, nami nikajipatia kagari kadogo keupe ka otomatiki. Kalikuwa na vilema vyake. Handbreki ilikufa zamani, na hata ukikaweka kwenye gia ya kuegesha, mlimani kalikuwa kanateleza. Dawa yake ilikuwa jiwe moja zuri nililolibeba kwenye buti. Ukisimama unaliweka nyuma ya gurudumu, au mbele yake, maisha yanaendelea. Usiniulize kwa nini sikutengeneza. Wewe umetengeneza vyote vilivyoharibika nyumbani kwako?

Wiki hiyo ekzosi ilianza kunguruma, na taa ya njano ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Fundi wangu wa Kangemi alisema ni sensa za oksijeni, zile mbili zinazofungwa kwenye bomba la ekzosi kunusa moshi, ili injini ijue kuongeza au kupunguza mafuta. Zimekufa zote, akasema, nenda Kirinyaga Road utafute nyingine. Nikaenda mchana, nikazipata, nikaziweka kwenye kiti cha mbele. Jioni nikatoka kazini Hurlingham, nikapitia Lavington kukwepa foleni, nikamchukue binti yangu Shiru kwa mwalimu wake wa tuisheni. Alikuwa na miaka minane.

Kwenye mteremko mkali unaoshuka mtoni nikasikia kishindo. Ekzosi ilikuwa imekatika na kuanza kuburura lami. Nikavuta kando, karibu na ua mrefu wa michongoma. Ndipo nikakumbuka kwamba nilipoosha gari Jumapili, jiwe nililiacha kando ya mfereji nyumbani.

Basi nikabaki nimekanyaga breki, najilaani. Nikasikia sauti ya mwanamume huko nyuma.

"Madam, hiyo imekatika kwa shingo. Nikufanyie?"

Kwenye kioo niliona ovaroli ya buluu ikiinama. Sura sikuiona. Kabla sijajibu alishaingia chini ya gari. Nikapaza sauti kumwambia halina handbreki.

"Si uko na mguu?" akasema. "Shikilia tu breki. Usizime injini, tuone kama hiyo taa itazima. Na unipatie hizo sensa."

Nilikuwa nimemwambia nina sensa? Sikuwa nimemwambia. Lakini mtu aliyekwama hana muda wa kuuliza maswali. Nikazitoa dirishani, mkono uliojaa grisi ukazipokea kutoka chini. Bomba lenyewe lilikuwa limepata moto tangu Hurlingham, ukiligusa linakubandua ngozi, lakini sikumsikia akiguta wala kuomba kitambaa. Nikasema moyoni, huyu ni fundi kweli.

Akafanya kazi. Nilisikia spana, nikasikia mlio wa kuchomelea, mwanga wa buluu ukacheza kwenye michongoma. Kila baada ya muda aliuliza, "Taa imezima?" Namjibu bado. "Basi shikilia, madam."

Mguu ulianza kuuma kwenye kifundo, ukapanda hadi gotini. Jua likazama. Magari ya matajiri wa hapo yalipita na vioo vimefungwa. Simu ikaanza kulia ndani ya mkoba wangu, kiti cha nyuma. Nilijua ni kwa habari ya Shiru. Nilijinyoosha kidogo kuufikia mkoba, mguu ukalegea, gari likasogea kiasi cha upana wa kidole. Kutoka chini nikasikia mtu akivuta pumzi.

Niamini, sijawahi kuogopa hivyo. Si kumwogopa yeye. Niliogopa mguu wangu. Uhai wa mtu ulikuwa chini ya kiatu changu, na kiatu kilikuwa kinatetemeka. Simu ililia, ikanyamaza, ikalia tena, nami nikalia pamoja nayo.

Alipita msichana wa kazi akirudi nyumbani. Nikamwita. "Dada, niwekee jiwe, kuna mtu huku chini."

Akainama, akaangalia chini ya gari. Kisha akaniangalia mimi. Akajifunga leso vizuri, akavuka barabara, akaondoka akitembea haraka.

"Usiniwache," sauti ikasema.

Ningefanya nini? Wewe ungefanya nini? Nikaweka na mguu wa kushoto juu ya ule wa kulia, nikashika usukani kwa mikono miwili, nikaomba. Mimi, wa kutazama saa.

Giza lilikuwa limeshaingia alipokuja soja anayelinda geti la chini, mtu mzima mwenye koti zito na tochi. Akauliza mbona niko hapo muda mrefu. Nikamwambia kuna fundi chini, nimeshika breki. Akapiga magoti, akamulika mbele, akamulika nyuma.

"Madam, hapa hakuna mtu."

"Niko hapa," sauti ikasema palepale chini ya miguu yangu. "Shikilia."

Nikakataa kuondoa mguu. Macho ya soja yalisema hivi, masikio yangu yalisema vile, na kama masikio ndiyo yaliyokuwa sahihi, ningekuwa muuaji. Nilidhani soja atanicheka. Hakucheka. Alizima tochi.

"Usitoe mguu mpaka niseme," akaniambia.

Akaenda, akarudi na mawe ya mtaro, akayapanga kwenye magurudumu yote. "Sasa toa." Nikashindwa. Mguu haukunisikia. Ilibidi afungue mlango, aushike kwa mikono yake kama mtu anayeondoa mtoto aliyelala, auweke chini. Gari halikusogea. Na kwenye dashibodi, ile taa ya njano ikazima.

Nilikaa kwenye nyasi nikijikanda, simu sikioni. Mwalimu alikuwa bado na Shiru, wanakunywa chai. Nilipomaliza kulia, soja akanieleza. Fundi mmoja wa juakali aliyekuwa akitengeneza magari kando ya ua ule alilaliwa na gari hapo miaka ya nyuma, akafa akifunga ekzosi. Mwenye gari ndiye aliyekuwa ameshika breki.

"Alisema mguu ulichoka," soja akasema. "Aliambia watu hakuna mtu angeweza kushikilia breki hivyo. Wakamwamini."

Hapo ndipo niliposikia sauti kwa mara ya mwisho, chini ya gari, ya polepole, haisemi nami.

"Kumbe inawezekana."

Soja akavua kofia. Sikumuuliza kama alisikia.

Kesho yake fundi wangu wa Kangemi alilala chini ya gari, akakaa huko sana. Akatoka akiniuliza ni nani aliyechomelea vizuri hivyo, na sensa zote mbili zimekazwa barabara. Nikamwambia ni kando ya barabara, Lavington. Akauliza umeme ulitoka wapi. Nikamwambia sikuona waya wala jenereta. Akapangusa mikono, na tangu siku hiyo hakutaka kuligusa gari lile tena.

Taa haijawahi kuwaka tena. Ila mguu wangu haujapona. Jioni jua likizama huanza kutetemeka, na nikipanda gari la mtu hukanyaga sakafu mpaka tufike. Shiru hunicheka. Mume wangu hacheki, kwa sababu usiku husikia nikikanyaga kitanda.

Siku hizi nina mawe mawili kwenye buti. Nawe weka lako. Ukikwama mteremkoni na mtu akuambie umshikilie breki, mtazame usoni kwanza, na atafute jiwe kabla hajalala chini. Lakini kama huna jiwe, na ameshaingia, basi simu na ilie. Wewe shikilia.