Nilivyomnyima Mke Mwenzangu Bamia

Mjukuu wangu huyu wa kike namwita mke mwenzangu, maana babu yake alikuwa mume wetu sote. Basi mke mwenza akashikwa na saratani ya damu, akalazwa Dar, na mimi nikafuata na khanga zangu.

Daktari alikuwa kijana, anaongea kama anatafuna samaki mwenye miiba: "Biiibi, seli za ugonjwa huu zina vitu vya kunatia. Zinajishikiza ndani ya uboho, kwenye mifupa. Dawa ikipita, nyingine zinabaki zimeng'ang'ania. Ndiyo maana tunarudia rudia."

"Kumbe kama pweza na mwamba wake!"

"Hapo hapo, Biiibi."

Tukaruhusiwa kwenda nyumbani Kiranjeranje, tukingoja siku ya kupima uboho. Mimi shule sikuingia, nikaongeza la kwangu. Si kinachonata ndiyo adui? Bamia, marufuku! Mlenda, marufuku! Ugali wa muhogo, ule unaovutika, usimsogelee! Mtoto akawa wa wali na samaki tu. Mimi nakula bamia yangu pembeni, yeye anameza mate. Mama yake akijaribu kusema, namkata: "Wewe daktari ulimsikia saa ngapi, na simu ile mkononi?"

Mke mwenza akapinda mdomo: "Bibi, wivu huo. Unataka nikonde ubaki na mume peke yako."

"Mume mwenyewe keshakufa, wivu wa nini?"

Siku ikafika, tukarudi Dar, wakamchoma sindano kwenye mfupa wa nyonga. Nilikaa kwenye benchi nje. Hata manesi walivyokuwa wanapita, sikumuiga hata mmoja, mimi niliyezoea kuiga sauti ya kila mtu. Na majibu nayo tukayangoja hivyo hivyo.

Daktari akatuita. "Biiibi, uboho ni safi. Seli za ugonjwa hatujaziona. Dawa tunaendelea nazo, ila tumefika pazuri."

Nikapiga kigelegele, nesi akaja mbio: "Mama, hapa hospitali!"

"Ni ile bamia, daktari! Nilimnyima kila kinachonata."

Akacheka mpaka miwani ikamdondoka. "Biiibi, bamia inaishia tumboni. Kwenye uboho haina njia. Mpikie mtoto!"

Mke mwenza akanigeukia, kanitolea macho kama hakimu.

Tulipofika nyumbani nikasonga ugali wa muhogo, nikapika bamia chungu kizima. Akala, utelezi unavutika toka sahanini mpaka kidevuni, halafu akaninyooshea sahani, kwa sauti ile ile ya daktari, ya miiba:

"Biiibi, tunarudia rudia."