Siku Mizani Ilipoachana na Mesej

"Phanice, hiyo programu inafanya kazi. Sasa unaivunja ya nini?" Mama Nyabate, jirani yake, alimuuliza siku moja kwenye ua, ndoo ya maziwa mkononi.

Phanice Chepyegon alicheka. Ni binti wa hapa Boito, mtulivu, wa kwaya, na ndiye anayetunza programu za kompyuta za kiwanda chetu kidogo cha chai.

"Mama, jiko lako liko wapi?"

"Si pale nje."

"Na ng'ombe?"

"Kule chini."

"Basi jiko likishika moto, ng'ombe wako salama. Programu yetu ilijengwa kama nyumba moja ya kila kitu: kupima majani, kutumia kila mkulima mesej ya kilo zake, kugawa mbolea. Mesej zikikwama, hata mizani inakwama. Mimi najengea kila kazi kibanda chake."

"Haya, jenga. Lakini usituharibie chai."

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Majani yakikaa kwenye magunia hupata joto, yakawa mekundu, na kiwanda huyakataa. Meneja alikuwa amemwambia Phanice wazi kwamba majani ya siku moja tu yakiharibika, programu ya zamani inarudi na jasho lake lote linatupwa.

Jumatatu Phanice alisali, akafungua vibanda viwili vya kwanza, cha mizani na cha mesej, akashuka mwenyewe kituoni tunakopeleka majani. Mvua ilikuwa imetubariki, majani yalikuwa mengi ajabu. Kufika mchana, mesej zikakwama. Phanice akakimbilia mizani. Inapima! Gibson, karani, anapima tu kama kawaida. Asante Yesu, akasema moyoni.

Alishukuru mapema. Kwetu mtu haondoki kwenye mizani kabla simu yake haijalia kwa mesej ya kilo. Mama wa mbele alipimiwa, akabaki palepale, macho kwenye simu. Foleni ikaganda. Lori la kiwanda likangoja, na jua nalo likaanza kuchoma magunia.

"Songa, mama, umeshapimwa!" Gibson akamsihi.

"Nisonge bila mesej? Mzee wangu atasema majani nimelisha ng'ombe!"

Watu wakacheka, na hakuna aliyesonga.

Phanice akaona kosa lake. Kwenye kompyuta alikuwa ametenga kazi vizuri, lakini hakuwa amewaambia watu. Akapanda juu ya jiwe.

"Wazazi wangu, mizani haingoji mesej tena. Gibson atasoma kilo kwa sauti. Aliye nyuma yako ataitikia, awe shahidi wako. Mesej itakukuta nyumbani."

"Kilo kumi na nane!" Gibson akasoma.

"Kumi na nane, nimesikia!" akaitikia Mama Nyabate, aliyekuwa nyuma. "Na kilo nyingine ni maji ya mvua!"

Mama wa mbele akamchapa begani kwa kicheko, akaondoka. Foleni ikasonga, watu wakiitikiana kama kwenye ibada, na lori likapanda mlima majani yakiwa bado kijani kabisa.

Jioni, watu wakikamua ng'ombe, mesej zikakwamuka, simu zikalia boma hadi boma. Meneja naye akamwambia Phanice aendelee na kibanda cha mbolea.

Jumapili, wakati wa matangazo kanisani, Phanice akasimama.

"Alhamisi tunatenga upande wa mbolea. Tafadhali niombeeni. Na mkiona kitu kimechelewa, mniulize kabla ya kuziba njia."