Ndege ya Mkono Wangu wa Kushoto

Juzi mjukuu wangu alinijia na kile kindege chao cha kupiga picha, kinachoongozwa kwa kisanduku chenye vijiti viwili. "Bibi," akasema, "ukitaka vijiti vibadilishane kazi, unabonyeza hapa tu." Akabonyeza. Nikaingia chumbani nikakaa kitandani, maana nilishikwa na hasira ambayo mtoto yule hakustahili kuiona. Kazi hiyohiyo mjomba wangu aliifanya kwa mkono, pale Bwera, mpakani na Kongo, na ndiyo iliyotuondolea yeye.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa fundi wa redio. Kibanda chake kilikuwa kando ya soko, na siku za soko hewa yote ilikuwa samaki wa Katwe na mawese ya akina mama waliovuka kutoka Kongo. Kazi yangu ilikuwa kupepea makaa aliyopashia chuma cha kulehemu. Nilipepea kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kuume ulipooza nilipougua nikiwa mdogo. Nyanya alinifundisha kuuegemeza ule uliopooza juu ya wa kushoto ninapompa mtu kitu, asione nimemdharau. Hata hivyo wengine walipokea huku wamekunja uso. Watoto wenzangu wakinikuta kisimani waliimba, "Mkono mmoja haulei mwana." Sijawahi kuipenda methali hiyo.

Mzungu mmoja wa mgodi wa shaba, alipofungasha kurudi kwao, alimwachia mjomba ndege ndogo ya mbao nyepesi pamoja na kisanduku chake cha kuiongozea. Jumapili nyingi walikuwa wameirusha pamoja kule Kasese, watu wakijaa kutazama. Kijiti cha kuume ndicho kilichoongoza: ukivuta pua inapanda, ukisukuma inashuka. Kina springi, kwa hiyo lazima kishikwe wakati wote. Cha kushoto kilikuwa cha moto wa injini, nacho hukaa pale ulipokiacha.

Nilimwomba nijaribu. Aliutazama mkono wangu, akafungua kisanduku. Springi akaihamishia kushoto, kibati chenye meno, kinachozuia kijiti cha moto kisirudi, akakipeleka kuume, halafu akazikata nyaya na kuzilehemu upya mahali pengine. Kibanda kilinuka risasi iliyoyeyuka. "Kitu kinachokaa ulipokiweka, hata mkono uliolala utakiweza," akaniambia. Sasa kushoto nikaongoza, na moto nikausukuma kwa mgongo wa ule mkono mbovu.

Tuliirushia kwenye shamba la pamba lililokwisha kuvunwa. Mafuta ya injini yake yalinuka spiriti na mbarika. Mama mmoja Mkongomani, jirani wa kibanda, aliacha mawese yake akaja kutazama. "Huyu mutoto iko na mukono ya akili," akasema. Wale waliokuwa wakiniimbia wakaanza kunibembeleza niwashikishe kisanduku, nami nikawanyima. Nilifurahi sana kuwanyima.

Siku moja likaja gari la jeshi. Miaka ile, karibu na mpaka, kitu chochote chenye eriali kilikuwa mashaka, na mimi nilikuwa nimeirusha ndege juu ya vichwa vyao. Lakini afande aliposhuka alikuwa anacheka. Alikwisha kumwona yule mzungu akirusha Kasese, akawaambia askari wake kwamba yeye anaijua.

"Wewe mutoto, lete hiyo."

"Afande," mjomba akasema, "hiyo nilibadilisha kwa sababu ya mukono ya mutoto. Ya kushoto ndiyo inaongoza, ya kuume ni moto."

"Nani alikuuliza? Funga mudomo."

Akaninyang'anya kisanduku, ndege ikiwa bado angani. Alitaka ipande, basi akasukuma cha kushoto aongeze moto, kama alivyomwona mzungu akifanya. Ndege ikainamisha pua. Alipoona hivyo akasukuma zaidi. Ikajichimbia kwenye mabua ya pamba mbele ya askari wake, na mmoja wao akacheka.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia mkuu asiposikia huvunjika la nani. Afande hakumtazama aliyecheka. Alimtazama mjomba. "Umetega hii kitu unipatishe haya," akasema. Wakampandisha garini akiwa bado ameshika chupa ya mafuta, naye mjomba akanigeukia akaniambia nikafunge kibanda.

Nilifunga. Nyanya alikwenda kambini mara nyingi na bundu, ule ugali wetu wa muhogo, amelifungia kwenye majani ya ndizi, na kila mara walimwambia hayupo. Hatukupewa mwili, hatukuchimba kaburi. Wenye redio zao wakaja kuzichukua, kibanda kikauzwa. Shamba lile leo ni nyumba za mabati tu, na waliomjua mjomba ninaweza kuwahesabu kwa mkono wangu mmoja.

Mwaka jana nilikwenda matangani Rukoki. Chini ya turubai alikaa mzee mmoja mnene, anaheshimika, akiwachekesha watu kwa visa vya jeshini. Akafika kwenye kisa cha fundi wa Bwera na ndege yake mbovu iliyoanguka puu. Watu walicheka.

Nilisimama. "Haikuwa mbovu, mzee. Aliyekuwa anairusha ni mimi, na mjomba wangu alikwambia vijiti vimebadilishwa."

Akakichukua kikombe chake cha chai.

"Ulimpeleka wapi?" nikamwuliza.

Akageuka akamwita msichana aliyekuwa akigawa chai, akamwonyesha kikombe chake. "Hii imepoa," akasema. "Niwekee ingine."